Anayekukaba usiku, na kwa nini yupo katika kila dini

Kwa kuwa kazi yangu ni saikolojia, huulizwa mara kwa mara kama wanaoamini mashetani wana kasoro ya akili. Hawana. Imani hiyo huota katika akili timamu, ndiyo maana utaikuta kwa Wayahudi, Wakristo, Waislamu, Wahindu na Wabudha.

Anza na usiku. Mtu anazinduka, chumba anakiona, lakini hawezi kuinua hata kidole. Kifua kimebanwa. Kando ya kitanda yupo mtu. Hamwoni sawasawa, ila anajua hana nia njema. Sisi husema amekabwa na jinamizi, Wajapani husema kanashibari. Mwaka 1781 mchoraji Henry Fuseli alimchora mwanamke amelala chali, kiumbe kimemkalia juu yake. Tukiwa ndotoni, ubongo hulegeza misuli ili tusitende tunayoyaota, hata ile ya mbavu inayosaidia kupumua. Mara nyingine fahamu hurudi kabla misuli haijaachiwa.

Na yule mtu wa kando? Mwaka 2006 watafiti nchini Uswisi walieleza kisa cha mwanamke mwenye kifafa. Walipochochea kwa umeme sehemu ya kushoto ya ubongo wake, inayohusika na kuutambua mwili ulivyokaa, alihisi mtu yuko nyuma yake. Alipoketi na kukumbatia magoti, yule naye akaketi, akamkumbatia. Alikuwa akiuhisi mwili wake mwenyewe kama mgeni. Kisa hiki hakijanitoka kichwani tangu nilipokisoma.

Wanaofuata nadharia ya mageuzi ya viumbe wana hoja yao: babu zetu waliodhani mchakacho wa majani ni chui walipoteza pumzi tu, waliodhani chui ni upepo waliliwa. Naikubali nusu. Ukigeuka ukakuta ni upepo, hofu inakwisha. Shetani hudumu kwa sababu anajibu swali zito zaidi: nani kanitendea haya? Huko Mesopotamia ya kale, vichanga vilipokufa alilaumiwa pepo Lamashtu, na wajawazito walivaa hirizi ya Pazuzu, pepo mwingine mkali, ili amfukuze. Kifo kisicho na sababu humwacha mama mikono mitupu. Chenye jina, anaweza kukipigania.

Basi mtu akinijia akasema amekabwa, simwambii hakukuwa na kitu. Namweleza habari ya misuli, kisha namuuliza: ulilala chali? Usingizi umekupungukia siku ngapi sasa?