Uvimbe kwenye kizazi na vidonge vya kichocheo kimoja: vinasaidia nini, na havisaidii nini

Mwanamke anayetokwa na damu ya hedhi siku tisa, yenye mabonge, mara nyingi haji hospitali kwa ajili ya damu hiyo. Anakuja kwa sababu amechoka, moyo unamwenda mbio akipanda mlima kidogo tu. Huku kwetu Mtwara na Lindi uchovu una sababu nyingi za kusingiziwa: malaria, minyoo, kuokota korosho tangu alfajiri. Anatibiwa malaria, anarudi shambani. Siku anapoulizwa habari za mwezi wake, wingi wa damu (himoglobini) unakutwa gramu 7 kwa desilita, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi.

Sababu mojawapo kubwa ni uvimbe kwenye msuli wa kizazi, ambao wengi wanauita fibroidi. Si saratani. Wanawake wenye asili ya Afrika huupata zaidi, tena wakiwa na umri mdogo zaidi, na wengi huishi nao bila kujua. Shida hutegemea ulipoota. Unaochomoza ndani ya kizazi, hata ukiwa mdogo, humwaga damu nyingi. Mkubwa ulioelekea nje hubana kibofu na njia ya haja kubwa.

Sasa vidonge. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye kichocheo kimoja, vile wanavyopewa sana akina mama wanaonyonyesha, vina projestini peke yake, yaani homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni ya mwili. Projestini huufanya utando wa ndani ya kizazi uwe mwembamba, na utando mwembamba huwa na damu kidogo ya kumwaga. Baadhi ya wanawake hupata nafuu hapo. Lakini naomba hili lieleweke vizuri: vidonge hivi haviyeyushi uvimbe. Uvimbe wenyewe huitikia homoni za mwili, projesteroni ikiwemo, kwa hiyo unaweza kuendelea kukua huku unavimeza. Anayekuuzia kidonge kwa ahadi kwamba uvimbe utatoka, usimpe hela yako.

Faida kubwa ya vidonge hivi ni kwa mwanamke asiyeweza kutumia vidonge vya vichocheo viwili (projestini na estrojeni): mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, au mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli. Asiyefaa kuvitumia ni mwenye saratani ya matiti au aliyewahi kuugua, na mwenye ugonjwa mkali wa ini. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu au dawa fulani za kifafa aseme mapema, maana dawa hizo hupunguza nguvu ya kidonge.

Muda wa kumeza ni jambo zito. Aina nyingi zinataka saa ileile kila siku, bila mapumziko kati ya pakiti. Ukichelewa zaidi ya saa tatu, kinga ya mimba inalegea (vya desogestreli vinavumilia hadi saa 12). Chagua kitu kisichobadilika, mfano taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Miezi ya mwanzo damu inaweza kuja ovyo, matone leo, kesho hakuna. Wengi huacha hapo. Ikiwa si nyingi, jipe miezi mitatu, ukiandika kila siku uliyotokwa na damu.

Kuna jambo linalowachanganya watu sana. Daktari anaweza kukuandikia norethisteroni ya miligramu 5, mara tatu kwa siku, ili kutuliza damu. Kidonge cha uzazi wa mpango cha dawa hiyohiyo kina miligramu 0.35 tu kwa siku, yaani tofauti ya zaidi ya mara 40. Kwa hiyo pakiti ya jirani haiwezi kufanya kazi ya dawa ya daktari, wala ya daktari isigeuzwe njia ya kupanga uzazi.

Kwa maoni yangu, mwenye damu nyingi aulizie pia kitanzi chenye homoni, maana kwa wengi hupunguza damu kuliko vidonge, ingawa uvimbe uliopindisha kizazi unaweza kukisukuma kitoke. Kitanzi cha shaba ni kitu kingine. Hicho huongeza damu. Anayetafuta mtoto hahitaji chochote kati ya hivi. Aulizie vidonge vya asidi ya traneksamiki, vinavyomezwa siku za damu tu, au upasuaji wa kuondoa uvimbe na kubakiza kizazi.

Usianze kidonge chochote kabla chanzo cha damu hiyo hakijachunguzwa. Upimwe mimba, wingi wa damu na utrasaundi. Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda na Nyangao ni hospitali za kuanzia; vidonge vya uzazi wa mpango vyenyewe hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Ukilowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, ukihisi kizunguzungu, au ukitokwa na damu baada ya hedhi kukoma kabisa, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.