Jina la babu halimo katika sensa: mahali pa kuutafuta ukoo Kanda ya Ziwa

Anapofika katika chumba chetu cha wasomaji hapa Mwanza mtu anayetafuta habari za ukoo wake, ombi lake la kwanza karibu kila mara huwa ni sensa. Hutaka aletewe daftari la mwaka 1948 au 1957, afungue ukurasa wa Kwimba au wa Ukerewe, amkute babu yake ameandikwa pamoja na wake zake na watoto wake. Ombi hilo halikutoka hewani, kwa kuwa ziko nchi ambako jambo hilo linawezekana: Uingereza ilifungua madodoso ya sensa ya 1921 mwezi Januari 2022, baada ya miaka 100 kupita, na Marekani ikafungua ya 1950 mwezi Aprili mwaka huohuo, baada ya miaka 72. Kwetu mambo ni tofauti, na ni afadhali mtafutaji alijue hilo kabla hajalipa nauli.

Hesabu za watu zilizofanywa Tanganyika miaka ya 1921, 1928 na 1931 zilitegemea kwa sehemu kubwa taarifa zilizokusanywa kupitia kwa watemi, yaani machifu, na wanangwa wao, yaani viongozi wa vijiji chini yao, na kilichokuwa kikitakiwa ni idadi, si majina. Sensa za 1948, 1957 na 1967 zilifanywa kwa utaratibu wa kitaalamu zaidi, lakini kilichochapishwa ni majedwali ya wilaya, umri, jinsi na kabila, wakati majibu ya mtu mmoja mmoja hulindwa na sheria ya takwimu kama siri. Kwa hiyo sensa haitakuonyesha babu yako. Itakachokuonyesha ni eneo alimoishi: wilaya yake iliitwaje, mipaka yake ilipita wapi, na watu wa kabila lake walikuwa wangapi huko.

Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu ramani ya Kanda ya Ziwa imebadilika mara nyingi. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Operesheni ya vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ikahamisha kaya nyingi. Mikoa ya Geita na Simiyu ikazaliwa mwaka 2012. Anayeandika leo kwamba kwao ni mkoa wa Simiyu akitafuta hati za 1935 chini ya jina hilo hatapata kitu, ilhali faili analolihitaji huenda limewekwa chini ya Maswa, ndani ya Jimbo la Ziwa, kwa jina la utemi ambao wajukuu hawautaji tena. Ndiyo maana tunawaomba wageni wetu waanze na wazee, wakiuliza mambo mawili kabla ya yote: mtemi alikuwa nani, na gunguli, yaani kijiji kilichokuwa chini ya mwanangwa, liliitwaje.

Wazee wengi hawana mwaka wa kuzaliwa, lakini wana matukio, na hapo tunaweza kuiga mbinu ya makarani wa sensa wenyewe, ambao kwa muda mrefu wametumia kalenda ya matukio kukadiria umri. Waingereza waliiteka Mwanza kutoka kwa Wajerumani mwezi Julai 1916. Reli ilifika hapa mwaka 1928. Maji ya ziwa yalipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, mara tu baada ya Uhuru. Hata jina ni ushahidi: Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni anayewafuata, na Mabula hutukumbusha mvua, kwa hiyo ukimkuta Shija peke yake katika orodha, tafuta wawili waliomtangulia, hata kama walifariki wakiwa wachanga.

Majina yenyewe yamo katika madaftari ambayo hayakukusudiwa kuhifadhi historia ya mtu yeyote. La kwanza ni daftari la kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, nao Waingereza wakaweka sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Pale madaftari hayo yaliposalimika, mwenye kaya huandikwa chini ya mwanangwa wake pamoja na idadi ya nyumba alizolipia. Wake zake wanahesabiwa kama nyumba, hawatajwi. Huo ni upungufu unaoniudhi kila ninapoufungua ukurasa wa namna hiyo.

Mama anapatikana kwenye daftari la ubatizo. Wamisionari wa Afrika, wale waliojulikana kama Mapadri Weupe, walifika Bukumbi mwaka 1883, na rejista za misheni zao, zilizoandikwa kwa Kilatini, huwa na jina la mbatizwa, baba, mama na msimamizi, na pembeni huongezwa ndoa iliyofungwa baadaye, hata ikiwa ilifungwa parokia nyingine. Usiisome safu ya katikati pekee ukaridhika, kwa kuwa maandishi madogo ya pembezoni ndiyo yanayokupeleka parokia ya pili, na ya pili kwa mke, na mke kwa ukoo mwingine kabisa. Kwa familia za Kiprotestanti za upande wa Nassa, ambako Africa Inland Mission iliichukua kazi ya misheni mwaka 1909, uliza kanisani kwenu kwanza.

Magazeti huja baada ya hapo, ukiwa tayari na jina na mahali. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali mwaka 1923, lilichapa barua, mashairi na habari kutoka wilayani, hivyo mwalimu au karani wa zamani ana nafasi nzuri ya kuonekana humo kuliko mkulima. Gazeti la Serikali lina matangazo ya mirathi, uteuzi na mabadiliko ya majina. Tangazo la mirathi lina thamani ya pekee kwa kuwa humtaja marehemu pamoja na anayeomba kusimamia mali yake. Lakini tarehe ya tangazo si tarehe ya kifo, kwani familia nyingi hufungua shauri miaka kadhaa baada ya mazishi. Tangazo la kubadili jina nalo huunganisha majina mawili ambayo vinginevyo ungeyadhania ni ya watu wawili.

Tahajia ndiyo huwapotezea watu siku nzima. Makarani waliotoka mbali hawakuwa na herufi za kuandikia sauti ya ng'w ya Kisukuma, kwa hiyo jina la mganga mashuhuri Ng'wanamalundi utalikuta pia kama Mwanamalundi na Ngwanamalundi, na Wajerumani waliuandika mji huu Muansa. Andika mapema namna zote ambazo jina la ukoo wako lingeweza kusikika katika sikio la mgeni, ukibadilisha pia l na r, kisha uzitafute moja baada ya nyingine.

Kwa utaratibu wa sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002, nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Njoo na kitambulisho, barua ya utambulisho, jina la utemi na daftari lako. Njoo na penseli pia, kwa kuwa kalamu ya wino hairuhusiwi kwenye meza ya kusomea.