Sylt kwa gari: kisiwa kinachonunua ufuo wake

Kwenda Sylt, kisiwa cha kaskazini mwa Ujerumani, kwa gari kuna kichekesho chake: barabara haifiki. Unatoka Hamburg alfajiri, unashika A23 hadi Heide, kisha B5 kupitia Husum, na ukifika Niebüll gari linapandishwa juu ya treni, nawe umo ndani yake. Unazima injini, unavuta handibreki, unatulia. Mjomba wangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, alikuwa ameshafungua mkanda. Treni ilipoanza kutembea akaufunga tena. "Sasa anayetuendesha ni nani?"

Mimi ni mhandisi wa pwani. Nikipata mgeni wa siku moja humleta huku, kwa sababu sijui mahali pengine ambapo kazi yangu inaonekana kwa macho kiasi hiki. Na mjomba amevua samaki maisha yake yote, kwa hiyo nilijua atauliza maswali ya maana kuliko wanafunzi wangu.

Treni inapita juu ya tuta la kilomita 11, katikati ya bahari. Lilianza kujengwa mwaka 1923. Zamani watu walivuka kwa meli kutoka Hoyer, bandari ya upande wa bara, lakini mwaka 1920 mpaka ulisogea na Hoyer ikawa ya Denmark, ikabidi Mjerumani apite nchi ya watu ndipo afike kisiwani kwake. Rais Paul von Hindenburg alilifungua tuta hilo tarehe 1 Juni 1927, na jina lake likabaki hapo.

Tulivuka maji yamekupwa. Kila upande tope tupu, linang'aa, na karibu na bara kuna safu ndefu za vigingi. Mjomba akasogea dirishani. "Kumbe nao wana wando!"

Ukweli ni kwamba hazitegi samaki, zinatega tope. Wanapigilia safu mbili za vigingi, katikati wanashindilia fito na matawi. Maji yakijaa yanaingia humo yamebeba tope, mle ndani yanatulia, tope linashuka chini, maji yakipwa yanatoka matupu. Miaka ikipita panainuka, majani yanaota, na pwani inapata kinga dhidi ya wimbi. Mikoko yetu inafanya kazi hiyo hiyo bila kulipwa mshahara, nasi tunaikata kuchomea chokaa.

Kizungumkuti kiko upande wa magharibi. Huko Sylt imeikabili Bahari ya Kaskazini kifua wazi kwa karibu kilomita 40, bila mwamba wa matumbawe wa kuvunja wimbi nje kama tulivyozoea sisi. Kisiwa chenyewe sehemu kubwa ni mchanga, na udongo ulioachwa na barafu ya kale. Pale Kampen kuna genge jekundu linalofika mita 30, wekundu wake ni wa chuma kilichoshika kutu ndani ya udongo. Mjomba aliligusa kwa kidole, likamomonyoka. Kwa wastani wa miaka mingi, upande huu ulikuwa ukiliwa karibu mita moja kila mwaka.

Watu walijibu kama watu wote wanavyojibu, yaani kwa mawe. Westerland, mji mkubwa wa kisiwa, walianza kujenga ukuta mwaka 1907. Ukuta uliulinda mji, lakini wimbi likigonga ukuta halifi, linarudi na nguvu zake na kuchimba mchanga miguuni pa ukuta. Kisha, miaka ya 1960, ikaja zamu ya tetrapodi: madude ya zege yenye miguu minne, kila moja tani 6. Nilimpeleka mjomba Hörnum, kusini kabisa, akayaone. Mkondo wa pwani hapo unasukuma mchanga kwenda kusini. Tetrapodi zilipangwa zikaingia hadi baharini, zikaukata msafara huo, na ncha ya kisiwa iliyo nyuma yake ikawa haipati riziki. Tangu hapo imeliwa vibaya mno. Watu wa Kunduchi wanaijua hadithi hii: jirani akijenga kizuizi, wewe wa chini ya mkondo ndiye unayelala njaa.

Ndiyo maana tangu mwaka 1972 dawa kubwa ni mchanga wenyewe. Meli inafyonza mchanga sakafuni mwa bahari, mbali na ufuo, inasogea, inaunganishwa na bomba, inausukuma nchi kavu. Siku yetu tulibahatika kuona. Mdomo wa bomba unatapika uji wa kijivu kwa kishindo, shakwe wanagombania kilichomo, katapila linasambaza. Kwa mwaka ni kama mita za ujazo milioni 1, kwa mamilioni ya yuro. Dhoruba za baridi zinakuja, zinaula mchanga huo badala ya kisiwa, kiangazi wanaleta mwingine. Mchanga ule umewekwa uliwe. Wenzangu wengi hawapendi kulitamka hivyo mbele ya walipa kodi, lakini ndivyo ulivyo mpango, na kwa maoni yangu ni mpango mzuri, maana haumwibii jirani.

Mjomba hakuridhika. "Na kule wanakochota?"

Hapo alinipata. Mashimo yale yako kwenye kina ambacho wimbi halisombi mchanga wa kutosha kuyafukia. Mengine yamechimbwa miongo iliyopita na bado yapo, yanajaa tope laini pole pole, na viumbe wa chini yake si wale wa mwanzo.

"Basi wanakopa," akasema, akauma mkate wake wa samaki na vitunguu. Bado alikuwa na hasira ya ushuru wa wageni, kulipia kukanyaga ufuo.

Treni ya kurudi tuliipata saa mbili usiku, jua bado liko juu. Katikati ya tuta mjomba alivua kiatu, akashusha kioo ili akung'ute mchanga nje, akasita.

"Mwanangu, huu si wameununua?"