Akupancha: anayekwenda mara ya kwanza ajue nini

Akupancha ni tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba kwenye vituo maalumu vya mwili na kuziacha hapo, mara nyingi kwa dakika 15 hadi 30, kisha zikachomolewa. Sindano hizo hazina dawa. Hazina hata tundu: ni waya wa chuma uliochongoka, unene wake robo ya milimita hivi au pungufu. Kwa hiyo mwenye kuogopa kwa kukumbuka sindano za hospitali alizodungwa utotoni anaogopa kitu kingine kabisa.

Lamu na Malindi, ukiitaja tiba hii watu hudhani ni hijama. Siyo. Mwenye kuumika huchanja ngozi, akaweka chuku au kikombe, damu ikavutwa. Akupancha haikusudii kutoa damu, ingawa tone moja laweza kuchungulia sindano inapochomolewa. Wapo wataalamu wa Kichina wanaoweka na vikombe pia. Hilo ni tendo la pili, na wakuulize kwanza.

Wachina wa kale walisema mwilini hupita nguvu iitwayo chi, ikizuiwa njiani mtu huumwa. Njia hizo hakuna aliyewahi kuziona kwa kupasua mwili. Kinachojulikana ni kwamba sindano huamsha neva, na ubongo hutoa vitulizo vyake vyenyewe. Tafiti zimeonyesha nafuu kwa maumivu sugu ya mgongo, ya goti na kipanda uso, lakini mara nyingi nafuu hiyo huzidi kidogo tu ile ya waliochomwa sindano za kuigiza, zisizo tiba ya kweli, ili kulinganisha. Mimi naihesabu kuwa msaada wa maumivu, basi. Atakayekwambia uache vidonge vya presha au sukari kwa sababu ya sindano, muage uende zako.

(Habari zenyewe si ngeni pwani hii. Kisiwani Pate wako wanaojihesabu uzao wa mabaharia wa China, na mwaka 2005 binti mmoja wa Siyu alipata ufadhili wa kwenda huko kusomea tiba za Kichina.)

Usishangae ukiumwa kichwa ukachomwa mkononi. Bana kidole gumba na cha shahada, utaona nyama inainuka katikati: hapo ndipo kituo kiitwacho hegu, kinachotumika kwa maumivu ya kichwa na meno. Sindano ikipenya ngozi ni kama kuumwa na sisimizi. Kinachofuata ndicho kigeni: uzito, ganzi, au mtekenyo unaotambaa. Hiyo ni kawaida. Ukali unaochoma si kawaida. Sema hapo hapo, usijikaze.

Kula kabla ya kwenda. Wanaopata kizunguzungu au kuzimia mara nyingi wamekuja na njaa, au na hofu nyingi. Mwezi wa Ramadhani omba miadi ya baada ya kufuturu. Na kama sindano inafunguza au haifunguzi, hilo muulize sheikh wako, si mtaalamu. Vaa nguo pana inayopanda hadi gotini bila tabu. Bibi anayeona haya aombe kuhudumiwa na mwanamke, au aje na mtu wake.

Kuna mambo ya kusema hata kama hukuulizwa: mimba, kwa kuwa vituo kadhaa, hegu kikiwamo, huepukwa kwa mjamzito; dawa za kuzuia damu kuganda; na kifaa cha moyo, maana baadhi ya sindano huunganishwa na umeme mdogo.

Pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako. Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, kisha itupwe kwenye kasha gumu la vitu vyenye ncha. Iliyotumika huweza kubeba homa ya ini au virusi vya UKIMWI, kwa hiyo "tumeichemsha" si jibu. Michubuko midogo hupoa yenyewe. Lakini ukichomwa kifuani au mabegani kisha pumzi ikabana, nenda hospitali saa hiyo hiyo: ni nadra, ila sindano iliyozama sana huweza kutoboa pafu.

Mara moja haitoshi kwa kawaida. Huwa ni mara moja au mbili kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Anayetoka Lamu kuifuata Malindi au Mombasa apige hesabu ya boti ya kuvukia Mokowe, bara, na basi pamoja na ada, na aulize mapema: nisipoona nafuu, tunasimama lini?