“Dada, weka tu ile fonti ya Kigiriki”

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, frateri mmoja kasimama mlangoni kwangu Kirumba, Mwanza, ninapopangia watu kurasa za tasnifu, flashi mkononi, jasho la ngazi usoni. Kabla sijamkaribisha kiti ameshasema: “Shikamoo dada. Kazi imeisha, imebaki Kigiriki tu. We weka tu ile fonti ya Kigiriki.”

Ni wa tatu mwezi huu. Hakuna “ile fonti ya Kigiriki”. Nimeshawaambia mapadre, wachungaji, wanafunzi wa famasia, na bwana mmoja wa mambo ya uvuvi ambaye habari zake zinakuja. Sasa naandika, ili mwingine akipanda ngazi na flashi nimtumie hii asome, mimi nimalizie chai yangu.

Imani yenyewe ni kwamba herufi za Kigiriki ni hizi hizi zetu zilizobadilishiwa nguo. Unaandika a, unaichagua, unaipa fonti ya Symbol, inatokea α. Unaandika b, inatokea β. Ukitazama kwenye kioo, mambo safi. Lakini ndani ya faili umeandika a, umeivalisha barakoa basi. Barakoa inakaa mpaka siku faili ifunguliwe kwenye kompyuta ya steshenari isiyo na fonti hiyo, au mpaka msimamizi wako achague kitabu kizima na kukigeuza Times New Roman kwa kuwa chuo kimeagiza Times. Hapo sura ya chini inatoka, au vinatoka visanduku vitupu.

Kwenye Symbol, θ imekaa kwenye q, ψ kwenye y, na sigma ya mwisho wa neno, ς, imefichwa kwenye V kubwa. Kwa hiyo anayedhani ameandika “Neno” kwa Kigiriki ameandika logoV. Alama za mkazo hamna kabisa, fonti ile ilitengenezwa kwa ajili ya hesabu. Fonti za zamani za programu za Biblia zilizidi ujanja: alama nazo zilipangiwa vitufe vya koma, mkwaju na herufi zisizotumika. Barakoa ikianguka, mwanzo wa Injili ya Yohane unasomeka hivi:

VEn avrch/| h=n o` lo,goj

Hayo ndiyo Ἐν ἀρχῇ ἦν ὁ λόγος. Nimewahi kuletewa tasnifu yenye kurasa na kurasa za VEn avrch, imeshajalidiwa, jalada jekundu na maandishi ya dhahabu. Mwenyewe akilaumu printa.

Sasa yule bwana wa uvuvi. Alipima klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, kwenye maji ya Ghuba ya Mwanza, kazi ya miezi, kwenye boti, jua na mawimbi. Vipimo vyake vilikuwa vya maikrogramu kwa lita, na ile μ aliiweka kwa Symbol. Kwenye Symbol, kitufe cha μ ni m. Unaona tunakoelekea. Mtu wa steshenari kaipokea faili, kaifanya yote fonti moja “ipendeze”, na 18 μg ikawa 18 mg, jedwali zima, mara elfu moja. Nakala zimetoka, zimesambazwa kwa jopo. Mzee mmoja wa jopo akavua miwani akamwuliza kama huko alikopima ni ziwa au ni sufuria ya kisamvu. Yeye alipona kwa kicheko. Kwenye kipimo cha dawa mg iliyotakiwa kuwa μg si jambo la kucheka, na ndiyo sababu wengi hospitalini wanapendelea kuandika mcg kwa herufi za kawaida. Wanafunzi wa famasia, nawaheshimu sana, lakini acheni pia kuandika ß ya Kijerumani mkidhani ni β. Ile ni s mbili.

Dawa ya yote haya ipo miaka mingi na inaitwa Unikodi. Kila herufi ina namba yake, α ni α hata ukiivua fonti. Herufi za kawaida za Kigiriki zinaanzia 0370, zile zenye alama nyingi zina mtaa wao kuanzia 1F00. Kwenye Windows ongeza kibodi iitwayo Greek Polytonic, ujifunze vitufe vyake siku mbili tatu, utanishukuru. Ile ya kawaida ya simu haitoshi: Ugiriki yenyewe mwaka 1982 iliacha pumzi, vile vialama vya mwanzo wa neno vinavyosema kama kuna h au hakuna, na ikabakiza mkazo mmoja tu kwa Kigiriki cha leo, kwa hiyo kibodi ya simu inakupa lugha ya magazeti ya Athens, si ya Yohane. Na tafadhali msichanganye. Nimekuta λoγoς ambayo o zake zote mbili ni o zetu za Kilatini. Kwa macho huwezi kujua. Kwenye kutafuta ndiyo utajua, kompyuta itakuapia neno halipo na wewe unaliona hapo.

Watu wa LaTeX, ile programu ya kupangia maandishi yenye fomula, nao wananiandikia neno zima kwa alama za hesabu, herufi moja moja, zimelala italiki na nafasi katikati kama meno ya mtoto. Zile ni za fomula. Tumieni XeLaTeX au LuaLaTeX, itajeni lugha, andikeni neno kama neno. Yatosha.

Kinachonikera hasa ni hiki kingine. Nilipomweleza frateri habari za Unikodi alielewa upesi, kijana ana akili. Kisha akasema: “Sawa dada. Basi weka herufi, zile nukta nukta za juu uziache, ni mapambo.”

Mapambo!

Tasnifu yake ni juu ya umoja, Yohane 17:21, “wote wawe na umoja”. Nikamwandikia mstari wake kwenye karatasi namna anavyotaka yeye:

ινα παντες εν ωσιν, καθως συ, πατερ, εν εμοι καγω εν σοι, ινα και αυτοι εν ημιν ωσιν

Hesabu εν. Ziko nne. Moja ni “umoja”, ndiyo tasnifu yake yote. Tatu ni “ndani ya”. Ipi ni ipi? Ukiwa na alama huulizi: ya kwanza ni ἓν, ina pumzi kali, inatamkwa hen, moja. Nyingine ni ἐν, pumzi laini, en, ndani ya. Kialama kinachotazama kulia au kushoto, kidogo kuliko jicho la dagaa, ndicho kinachobeba sura yake ya tatu.

Sisi tunaandika h wazi wazi, ndiyo maana hatuoni uzito wake. Mtoe h Mswahili uone: aya na haya, apa na hapa. Ukimwambia mtu “soma haya” hujamwambia “soma aya”. Na kile kikoma cha ng’ nacho tunakidharau mpaka ng’oa igeuke ngoa, mtu akaambiwa alie wivu badala ya kung’oa mti. Kigiriki kimejaa mitego hiyo: εἰς ni “kuingia”, εἷς ni “mmoja”, ὄρος ni mlima, ὅρος ni mpaka, αὐτή ni “yeye mwenyewe” wa kike, αὕτη ni “huyu” wa kike, τίς ni “nani?”, τις ni “mtu fulani”. Hayo si mapambo, ni tahajia.

Frateri hakukubali kirahisi, na hoja yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Akasema hati za kale kabisa za Agano Jipya ziliandikwa kwa herufi kubwa tupu, bila alama, hata maneno yamebanana bila nafasi. Mbona wao waliweza? Ni kweli. Alama hizi mapokeo yanazihusisha na Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria, kama miaka 200 kabla ya Kristo, na hata baada yake waandishi wengi waliishi bila kuzitumia kwa karne nyingi. Nilimjibu kwamba walioweza ni watu walioisema lugha nyumbani. Kisukuma kina irabu saba na toni, sisi tunakiandika kwa irabu tano bila toni yoyote, na bibi yangu anakisoma bila kujikwaa. Mpe karatasi hiyo mgeni aliyejifunza Kisukuma kitabuni. Sote tunaosoma Kigiriki cha Agano Jipya ni huyo mgeni, mpaka maprofesa.

Hata hivyo hoja yake ina makali mahali fulani, sitaficha. Kuna hati zinazoongeza ἓν nyingine baada ya ἐν ἡμῖν, “wawe mmoja ndani yetu”. Katika maandishi yasiyo na alama hizo ni ΕΝ mbili zenye herufi zilezile, zimetengwa na neno moja tu. Kwa hiyo ninapoweka alama ninakuwa nimeshachagua usomaji wa mtu fulani. Mimi ni mpanga kurasa. Nafuata toleo alilolitaja mwandishi, na asipolitaja namrudishia.

Mahali pa kuweka alama nitapita haraka. Kwenye irabu mbili zinazotamkwa pamoja, alama inakaa juu ya ya pili: υἱός, si ὑιός. Kwenye herufi kubwa inasimama mbele yake, Ἐν, haipandi kichwani. Kichwa cha habari cha herufi kubwa tupu hakina pumzi wala mkazo. Rho (ρ) ya kwanza ya neno inavaa pumzi kali, ῥῆμα. Na iota ya chini katika ἀρχῇ, kile kijiti chini ya herufi ya mwisho, si uchafu wa wino, jamani, kuna aliyenifutia zote kwa uangalifu mkubwa.

Penye shaka ni mkazo wa kushuka, kama ὸ. Neno lenye mkazo wa kupanda, kama ό, kwenye silabi ya mwisho huugeuza kuwa wa kushuka likifuatwa na neno jingine: θεός, lakini θεὸς ἦν ὁ λόγος. Mwanafunzi akinakili θεὸς kutoka kwenye mstari na kulipachika peke yake katikati ya sentensi ya Kiswahili, desturi ni kulirudishia θεός. Mimi hulirudishia. Lakini “likifuatwa na neno jingine” ni neno la lugha gani? Kama θεός imefuatwa na “inamaanisha”, imefuatwa au haijafuatwa? Nimejizoesha kuhesabu Kigiriki tu. Wapo wanaoacha kila kitu kama kilivyonakiliwa, na sina fimbo ya kuwachapa.

Lingine linaniamsha usiku. Unikodi ina ό mbili: 03CC, yenye mkazo wa Kigiriki cha leo, na 1F79, yenye mkazo wa kupanda wa zamani. Unikodi yenyewe inasema ni kitu kimoja, na ukisawazisha maandishi (Waingereza huita normalize), ya pili hugeuka kuwa ya kwanza. Vizuri. Ila zipo fonti zilizochora hizo mbili tofauti, moja imesimama zaidi, nyingine imelala. Tasnifu iliyokusanywa kutoka tovuti tano inakuwa na λόγος mbili katika ukurasa mmoja, moja wima na moja imeinama, na ukitafuta moja huenda nyingine isionekane. Mimi husawazisha faili nzima kwanza kabla sijagusa chochote. Nadhani ndiyo sahihi.

Fonti basi, maana bado mtaniuliza. Chagua moja yenye Kilatini na Kigiriki cha alama nyingi pamoja. Gentium ni ya bure na inatosha kwa kazi nyingi. Cardo ni nzuri, SBL BibLit pia. Kipimo changu ni ἀρχῇ. Kama fonti haina herufi za mtaa wa 1F00, Word inaazima ἀ na ῇ kwa jirani na kuacha ρχ kama zilivyo, neno moja linakuwa kama kanga iliyotiwa kiraka. Likionekana hivyo, badilisha. Weka nafasi ya mistari iwe kamili kwa pointi, la sivyo kila mstari wenye Kigiriki utajisukuma. Usikilaze italiki, kimeshajitofautisha chenyewe. Kisha toa PDF yenye fonti ndani yake, ndiyo uipeleke steshenari. Usipeleke Word. Narudia, usipeleke Word.

Frateri nilimpa kazi ya nyumbani: ule mstari usio na alama na penseli. Aziweke mwenyewe, maana mimi sitaki kulipwa kwa kukisia.

Jumanne akarudi. Pumzi zote nne ziko sawa, nilifurahi kweli. Ila ile ya kwanza ameiwekea mkazo wa kupanda, ἕν, na ὦσιν iko pale pale inaifuata. Nikamwuliza kwa nini.

“Si wewe ulisema, dada, moja ikisimama peke yake?”