Landay si kilio, jamani

Imenifikia tena ile kadi ya WhatsApp: mwanamke kajifunika gubigubi kwa vazi la buluu, chini yake landay moja iliyotafsiriwa ovyo (shairi fupi la kuimbwa la Kipashto, lugha mojawapo ya Afghanistan), juu yake "Kilio cha mwanamke wa Afghanistan". Aliyenitumia ana nia njema. Wote wana nia njema, ndiyo maana nimechoka.

Umbo nalipita haraka. Landay ya Kipashto ina mishororo miwili, wa kwanza mizani 9, wa pili 13, na mwisho huishia kwa silabi "na" au "ma". Vina vingine si lazima. Basi.

Sasa kilio. Sayd Bahodine Majrouh, msomi wa Afghanistan aliyeuawa Peshawar, Pakistan, mwaka 1988, alikusanya landay nyingi za wanawake. Iko moja ambamo mpenzi karudi vitani bila ushindi, na mwanamke anasema anajutia busu alilompa jana usiku. Machozi yako wapi hapo? Hicho ni kijembe, tena cha kuua. Tazama alivyokipanga: busu lenyewe, ambalo likijulikana laweza kumponza, kalitaja kama jambo dogo tu, ili aibu yote imwangukie mwanamume. Heshima ambayo wanaume hujidai kuilinda kwa bunduki, kaigeuza fimbo ya kuwachapia. Kwingine mume, kizee au kitoto alichoozwa, anaitwa kijitisho na kuchekwa kitandani mwake mwenyewe. Uchungu upo, sikatai. Lakini anayesoma uchungu peke yake amekosa utani, na utani ndio unaobeba mzigo.

Tena msiulize "mshairi huyu aliteswa na nani?" Mwanamke wa Mombasa akijifunga leso yenye maneno ya kuchoma, jirani akanuna, mwenye leso atasema: si nimeikuta dukani? Landay nayo haina mtunzi wa kushtakiwa. "Mimi" aliyemo ni wa yeyote anayeiimba, leo huyu, kesho shoga yake akiteka maji. Mkiigeuza wasifu wa mtu, mnamvua kinga yake.

Ila kuna shaka ambayo vitabu huiruka kimyakimya. Tunauita utanzu wa wanawake kwa sababu sauti iliyomo ni ya kike. Sauti si saini. Wanaume nao huziimba, kwa rababu, ala ya nyuzi, na mtungi wa kupigwa kama ngoma, na hakuna kinachomzuia mwanamume kutunga kwa sauti ya kike. Hata ile maarufu ya Malalai, msichana wa Kiafghani anayesemwa kuwahimiza wapiganaji dhidi ya Waingereza kule Maiwand mwaka 1880 (usipokufa leo, mpenzi, wallahi unawekwa uwe alama ya aibu), imetufikia kwa masimulizi. Naifundisha, naipenda, siiapii.

Halafu wapo wanaomtia mshairi Nadia Anjuman kwenye kapu hilohilo. Anjuman alikuwa mtu wa Herat, mji wa Afghanistan alikoishi Jami, mshairi mkubwa wa Kiajemi, na aliandika kwa Kidari, yaani Kiajemi cha Afghanistan, si Kipashto. Alitunga ghazali, utanzu ambao kwa desturi mshairi hutia takhalusi yake, yaani jina lake la kishairi, katika beti la mwisho: yaani anataka ajulikane. Alichapisha diwani kwa jina lake. Mwaka 2005 alifariki baada ya kupigwa na mumewe. Huyo mlilieni, ana jina na ana kaburi. Ila mashairi yake msiyaite landay.