Mgongo umenirudia tena: maswali na majibu kuhusu maumivu sugu, akili na mwili

Mvua za kwanza zikishuka Nyanda za Juu Kusini, Novemba ikielekea ukingoni, vitengo vya fiziotherapia huku kwetu hujaa. Watu waliopata nafuu tangu mavuno wanarudi wameshika kiuno. Wamelima siku mbili tatu, mgongo umegoma. Wapo wa magoti, wapo wa shingo, wapo ambao mwili mzima unauma na vipimo vinasema hakuna kitu. Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi hapa Mbeya, na namna ninavyoyajibu. Mengi ni ya mgongo, ila mwenye kipandauso au maumivu ya viungo atajikuta humo pia.

Shikamoo daktari. Nimepima kila kitu, majibu ni mazuri, lakini mgongo unauma mwaka wa pili sasa. Nyumbani wanasema ni mawazo. Ina maana najifanya?

Marahaba mama. Hujifanyi. Maumivu yote, hata ya kidole kilichokatwa na panga sasa hivi, hutengenezwa na ubongo kutokana na taarifa unazoletewa na mishipa ya fahamu. Mtu aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda anaweza kukesha akilia kwamba unyayo unawaka moto, na unyayo wenyewe haupo tena. Hadanganyi mtu. Kinyume chake, mchezaji anaweza kumaliza mechi akiwa ameumia vibaya, asisikie kitu mpaka filimbi ya mwisho ipigwe. Kwa hiyo ukali wa maumivu haukuambii moja kwa moja ukubwa wa jeraha.

Msuli au kano iliyochanika kawaida hupona ndani ya wiki kadhaa, mara nyingi kabla ya miezi 3. Ndiyo maana maumivu yakivuka miezi 3 tunayaita sugu. Kwa watu wengi wa kundi hili jeraha la mwanzo limeshafunga, ila mfumo wa fahamu umebaki macho. Ni kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvunjwa: tangu usiku ule anabweka hata mtoto wa mwenye nyumba akienda chooni. Mwizi hayupo, lakini kelele ni za kweli na hakuna anayelala.

Hili si jambo la kubuni. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, imeyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe, hata pale ambapo hakuna kidonda cha kuonyesha. Ukiambiwa "ni mawazo tu", aliyekosea hapo ni neno "tu".

Nitajuaje kwamba si ugonjwa mkubwa uliojificha?

Hili ndilo la kumalizwa kwanza, kabla hujafika kwenye mazoezi ya pumzi na habari za hofu nitakazoeleza mbele. Nenda hospitali, usingoje kliniki ya mwezi ujao, ikiwa mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda. Kifua kikuu hushambulia pia pingili za uti wa mgongo, na mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, hali inayompa kifua kikuu nafasi. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, kuna brusela: homa inayokuja na kuondoka, mgongo na viungo vinauma, na wengi hutibiwa malaria mara nyingi kabla mtu hajauliza kama maziwa yanachemshwa. Mwanaume wa umri mkubwa anayekonda huku mgongo unauma usiku akiwa amelala apimwe pia tezi dume.

Na kuna dharura ya siku hiyohiyo: ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo kugoma au kutoka bila kujua, miguu kuishiwa nguvu. Hapo kodi gari.

Kama hayo yameangaliwa na hayapo, endelea kusoma.

Picha ilionyesha pingili zimelika. Sasa zitaoteshwa na pumzi?

Hazioti. Lakini uliza swali la pili: watu wasioumwa, picha zao zinaonyesha nini? Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za mgongo za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Hata wenye miaka 20, asilimia 37 walionekana na diski zilizochakaa, yaani vile vito laini vilivyo kati ya pingili. Wenye miaka 80 walikuwa asilimia 96. Kuchakaa kwa pingili ni mvi za ndani. Daktari akikusomea picha harakaharaka korido imejaa watu, unatoka na sentensi moja, "mgongo wako umeisha", na kuanzia siku hiyo unaogopa kuinama kuokota kijiko. Nimeona watu waliodhurika na sentensi hiyo kuliko walivyodhurika na pingili.

Akili inaingiaje hasa kwenye maumivu ya mwili?

Inaingia kwa njia ya hofu, usingizi na msongo. Ukiona hatari, moyo huenda mbio, misuli hukaza na mwili humwaga homoni za msongo, adrenalini na kortiso. Hilo ni jema kwa dakika chache. Likiendelea miezi, misuli ya mgongo haipati kulegea, usingizi unakatika, na mtu asiyelala husikia maumivu kwa ukali zaidi kesho yake. Ndiyo maana Januari ni mwezi mbaya kwa wagonjwa wangu: ada, sare za shule, mbolea, na palizi, vyote kwa mkupuo.

Kuna jaribio lililochapishwa 2022 huko Colorado, Marekani, kwa watu 151 wenye maumivu ya mgongo ya miaka mingi. Waliofundishwa kuyaelewa maumivu upya, yaani kuyachukulia kama ishara isiyo na hatari na kurudia taratibu mienendo waliyoiogopa, walikuwa 50. Baada ya mwezi mmoja wa tiba, 33 kati yao walikuwa hawaumwi au wanaumwa kidogo sana. Walioendelea na matibabu yao ya kawaida, ni mmoja kati ya kumi. Nikumbushe kwamba hao walikuwa watu wenye elimu na maisha ya nafuu. Hawabebi viazi kichwani kupandisha mlima wa Umalila. Hata hivyo ubongo ni uleule, na mimi naona kazi hiyo inafanyika hapa pia.

Pa kuanzia ni pumzi. Kaa, vuta hewa puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Shika kiganja kwa chini ya kidole gumba, pale mapigo yanaposikika. Utasikia yanaongeza mwendo kidogo unapovuta hewa, yanapunguza unapoitoa. Hiyo ndiyo breki ya mwili, unaigusa kwa vidole vyako. Dakika tano asubuhi, tano kabla ya kulala. Haiponyi pingili, inapunguza tahadhari ya mwili ili uweze kuinama bila kukakamaa.

Nilikaa miezi minne mzima kabisa. Juzi nimelima siku moja tu, kesho yake sikuinuka kitandani. Nimerudi mwanzo?

Hapana, na hapa naomba tukae kidogo, maana watu wengi hupotelea hapa. Hawapotei siku wanayougua, wanapotea siku wanayorudiwa.

Kwanza angalia kilichotokea. Misuli ambayo haikushika jembe tangu mwaka jana imelimishwa kutwa nzima. Maumivu ya kazi ngeni hupanda siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka. Jirani yako mwenye mgongo mzima naye ameamka anajinyoosha na kuguna. Tofauti ni kwamba yeye anasema "nimechoka" na wewe unasema "yameanza tena". Neno hilo la pili linaamsha hofu yote ya miaka miwili, misuli inakaza, usingizi unakimbia, na ifikapo jioni kweli huwezi kuinuka.

Siku mbili za kwanza punguza kazi lakini usilale kutwa. Kitanda kinadhoofisha mgongo haraka kuliko jembe. Tembea hadi dukani na kurudi, hata mara tano. Weka chupa ya maji ya moto kiunoni, hasa Juni na Julai, baridi yetu inapokuwa na hasira. Baridi hukaza misuli, haivunji pingili. Dawa ya maumivu uliyoandikiwa, tumia kama ulivyoandikiwa.

Halafu usianze safari upya. Nikisema safari nina maana ile ya picha nyingine, daktari mwingine, mzizi mwingine, na shemeji aliyesikia kuna mtaalamu Makambako. Kama dalili za hatari nilizotaja hapo juu hazipo, maumivu yako ni yaleyale unayoyajua. Kaa chini ukumbuke mara ya mwisho yalichukua siku ngapi. Mara nyingi mtu akikumbuka kwa ukweli anakuta awamu ya kwanza alilala wiki tatu, ya pili wiki moja, na hii ya sasa ni siku nne. Hakuna anayeyaona hayo akiwa katikati ya maumivu, kwa hiyo yaandike kwenye daftari la mtoto.

Ukishaweza kutembea vizuri, rudi shambani kwa nusu ya ulichokiweza kabla. Hapa nina mgonjwa mmoja, mama wa viazi, aliyenifundisha mbinu kuliko nilivyomfundisha. Nilimwambia apumzike kila baada ya dakika kumi na tano, hana saa. Akaamua kupima kwa matuta. Asubuhi, kabla ya kugusa jembe, anachomeka kijiti mwisho wa tuta la pili. Akifika kwenye kijiti anakaa, hata kama anajisikia anaweza kuendelea, hata kama wenzake wanamcheka. Wiki inayofuata kijiti kinasogea nusu tuta. Siku akiamka vizuri sana, kijiti hakisogei. Hilo ndilo gumu kwake, kwa sababu siku nzuri ndiyo yenye hatari: mtu anajiona amepona, anataka kufidia kazi ya mwezi mzima kabla jua halijazama, na keshokutwa yuko kwangu. Ukisubiri maumivu ndiyo yakuambie simama, umeshachelewa.

Mchungaji ameniombea na nimepata amani kubwa. Naweza kuacha dawa za sukari na presha?

Usiache. Amani ni kitu halisi mwilini: kortiso na adrenalini hupandisha sukari na presha, na mtu aliyetulia huweza kuona vipimo vyake vinashuka kidogo. Lakini mwenye kisukari cha kutegemea insulini akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache, akiwa na amani yake. Wengi tunakumbuka mwaka 2011, magari yamejipanga kuelekea Samunge, Loliondo, kwa Babu, kikombe cha dawa yake ya mitishamba kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa za kisukari na ARV baada ya kunywa. Ombewa, imba kwaya, na dawa umeze. Akipunguza dozi, awe daktari anayekupima.

Kurudi nyuma kupo huku pia. Umekula harusini, asubuhi kipimo kimepanda, unajiona umeharibu kila kitu na unaacha kupima kabisa. Kipimo kimoja cha juu kinakuambia habari za jana tu. Pima tena.

Mama mkwe anasema mimi mvivu, kwa sababu leo nachota maji na kesho nimelala. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa maneno ya kitaalamu. Mpe anachoweza kukiona. Mwambie, "Mama, nikifanya kidogo kila siku nitafanya mwaka mzima, nikifanya kingi leo mtanipikia wiki." Kisha ufanye hicho kidogo kila siku bila kukosa, hata siku ya maumivu. Kinachowafanya watu wakuone mvivu ni kupanda na kushuka. Ikiwezekana njoo naye kliniki. Nimeona wakwe wakibadilika baada ya kusikia habari za mguu uliokatwa unaouma, maana wengi wana ndugu wa namna hiyo na hawakuwahi kumwamini.

Na kama ndani yako umekata tamaa kabisa, huli, hulali, unafikiria kufa, hiyo ni sonona. Huwapata mara nyingi wenye magonjwa ya muda mrefu na ina matibabu. Sema ukifika hospitali, usingoje uulizwe.

Diklofenaki ya duka la dawa ndiyo inayonisaidia. Nimeze mpaka lini?

Siku chache, siyo msimu mzima. Hupandisha presha, huchimba vidonda vya tumbo na hudhuru figo, hasa kwa wazee na kwa wanaomeza tumbo likiwa tupu wakiwahi shamba. Mwenye presha, vidonda vya tumbo, figo au ujauzito amuulize daktari kabla ya kidonge cha kwanza.